Nembo Iko kwa Anti Verna

Mjomba Delmar na Anti Verna walipoachana, hakimu alimpa mjomba gari, akampa anti nembo ya gari. Nembo ilikuwa ya babu yake anti. Alikuja nayo siku ya harusi, akaondoka nayo.

Gari lenyewe ni Ostrander, limeundwa hapahapa Mill Fork, Indiana, na kampuni iliyokufa kabla bibi yangu hajazaliwa. Kusema limeundwa ni heshima tu. Injini walinunua, ekseli walinunua, giaboksi walinunua. Chao kilikuwa jina, nalo liko kwenye ile nembo ya enameli ya bluu, kubwa kama kisahani cha chai, inayokaa juu ya rejeta. Hata hiyo waliagiza.

Kila Julai kwenye maonyesho ya mji, mjomba huchukua kombe la Ostrander Bora. Hushindana peke yake, na hukosa usingizi. Safari hii kamati ikamwambia bila nembo atapangwa kwenye kundi la Mengineyo, pamoja na lori la aiskrimu.

Anti akatokea, kaibana nembo kifuani kwa pini mbili.

"Verna, niazime basi. Saa moja tu."

"Miaka yote ile uliniazima nini, Delmar, zaidi ya soksi za kufua?"

"Punguza sauti, watu wanasikia!"

"Wasogee, wasikie vizuri."

Jaji, daktari wa meno mstaafu, akakagua rejeta. Matundu mawili ya skrubu. Akakagua kifua cha anti, kwa adabu, kwa mbali.

"Ostrander ni ipi hapa?"

"Hili!" Mjomba akapiga boneti.

"Limeandikwa wapi?"

Anti akajigonga kifuani.

"Huyo ni mtu, daktari! Hana hata magurudumu!"

"Na wewe unayo manne, bwana, ya kampuni nyingine."

Kombe akapewa anti. Kwenye Mengineyo mjomba akawa wa pili, nyuma ya aiskrimu.

Watu walipotawanyika, mjomba akamfuata, kofia mkononi.

"Verna, rudi nyumbani."

"Unanitaka mimi au unataka nembo?"

Kwa swali kama hilo mwanamume hujibu upesi. Mjomba akafikiri kwanza. Alipopata jibu, tena jibu zuri tu, anti alishavuka barabara na kombe lake.