Vidonge vya Bijou

Maman Gisèle hakumwibia mtu kitu. Vile vidonge alivinunua mwenyewe. Ila alivinunua kwa ajili ya imbwa.

Bijou, imbwa wao pale mtaani Nguba, alikuwa amevimba tezi chini ya taya. Docteur Adalbert, daktari wa mifugo, alimpapasa akatikisa kichwa. "Ni lymphome, maman, kansa ya tezi. Hata watu wanaipata, inafanana sana." Akaongeza kwamba vidonge alivyomwandikia vingemtuliza kwa muda tu, lakini Gisèle alikuwa ameshasikia alichotaka. Wiki haikuisha, uvimbe ukanywea, Bijou akaanza tena kubwekea wapita njia.

Basi, mume wake, Papa Hugues, naye alikuwa na uvimbe shingoni. Alijifunga foulard, kitambaa cha shingoni, ili wenzake wa kanisani pale paroisse wasiulize. Hospitali? Hataki hata kuisikia! "Ni baridi ya ziwa tu," anasema, na usiku analowanisha shuka nzima kwa jasho. Gisèle angefanya nini? Kila asubuhi alisaga kidonge cha Bijou, akakikorogea kwenye uji wa Hugues. Uvimbe ukayeyuka. Mungu wangu, alivyocheza jikoni peke yake!

Halafu, ingawa Bijou hakukosa kidonge hata siku moja, tezi zake zikarudi, kubwa kuliko mwanzo.

Hapo Gisèle akakumbuka yale maneno, "kwa muda tu." Siku hiyo hiyo akamburuta Hugues mpaka hospitali. Docteur Larissa alipapasa shingo, akapapasa makwapa, akatabasamu. "Sioni kitu, papa. Unaweza kurudi nyumbani."

Hugues tayari anavaa koti. Gisèle angenyamaza, nani angejua?

"Docteur, ngoja. Nilimupatia dawa ya imbwa."

"Ya imbwa?" Hugues akaketi. "Mu uji yangu?"

Daktari hakucheka. "Maman, ile dawa inaficha ugonjwa, haiponyeshi. Lazima nikate kipande cha uvimbe nijue ni nini, nijue namna ya kutibu. Sasa nitakata nini? Aache vidonge polepole. Tungojee uvimbe urudi."

Tungojee urudi! Yeye aliyekesha akiomba uondoke!

Tangu hapo, kila alfajiri, roho juu, alipitisha vidole shingoni mwa Hugues akitafuta. Hugues alijifanya amelala. Asubuhi moja vidole vikakuta kitu, kidogo kama punje ya maharagi.

"Iko?" Hugues akauliza, macho bado amefumba.

"Iko."

"Asante Mungu," akasema, na wote wawili wakaanza kulia.