Chembe ya Polishi ya Fundi Kioo

Kopo lenyewe lilikuwa la bati, kifuniko kimepinda kwa kufunguliwa na bisibisi miaka nenda rudi. Ndani mlibaki polishi isiyojaza hata kijiko. Kila asubuhi mama alilifungua, akavuta pumzi mara moja, akalifunika, ndipo akanywa chai. Hakuna aliyethubutu kumuuliza. Mjane ana haki ya kumsalimia mumewe apendavyo.

Marehemu alikuwa seremala, na watu walimwita Fundi Kioo, maana meza ikitoka mikononi mwake ungeweza kuchania nywele juu yake. Polishi aliipika mwenyewe uani. Alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu, ila kwa kujisifu hakuwa na mfano. "Siri ya polishi hii," alikuwa akisema, "hata mnitie pingu sisemi." Na kweli hakusema. Alimwachia mwanawe wa kiume karakana, randa mbili na daftari lenye mstari mmoja wa maana: nta, tapentaini, ulimbo.

Kijana alipika mara kumi na moja. Mara zote kumi na moja polishi ilikauka ikapasuka, meza ikabaki na ukungu mweupe. Wateja wa zamani walipapasa mbao, wakaguna, wakaaga. Ndipo akampigia simu dada yake.

"Dada, nimechoka. Mwisho wa mwezi nafunga. Nimepata kazi kiwandani, kwenye vitanda vya chuma."

"Vitanda vya chuma? Baba atafufuka akucharaze."

"Afufuke basi, anifundishe."

Dada alikuwa mkemia, na kilio kile kilimchoma. Jioni ile ile alikwenda kwa mama yao.

"Mama, nipe chembe tu. Kama punje ya mchele."

"Uifanyie nini?"

"Niichome."

Mama alilivuta kopo kifuani. "Toka hapa! Nyumba nzima imejaa vitu vya kuchoma, wewe umeona hiki?" Akachukua nusu saa kukubali.

Maabarani kwao mashine tatu zilikuwa zimeunganishwa. Ya kwanza ni tanuri dogo lenye mizani ndani yake: unaweka chembe, moto unapanda polepole, na mizani inaandika kila uzito unaopotea. Mvuke unaotoka unapitia bomba jembamba hadi kwenye spektromita, ambayo huitambua gesi kwa uzito wa vipande vyake. Lakini vitu vingi vikitoka kwa mpigo, spektromita husikia makelele tu, kama sokoni. Hapo mvuke hupitishwa kwanza kwenye kromatografu, mrija mrefu uliosokotwa, unaozilazimisha gesi kupanga foleni na kutoka moja moja.

Bomba lile lazima liwe la moto tangu mwanzo, la sivyo vitu vizito huganda njiani. Mkemia alikuwa amewaimbia wanafunzi wake wimbo huo kwa miaka kumi na mitano. Siku ile alikaa akikumbuka uani kwao, vumbi la mbao kwenye nyusi za baba, akabonyeza kitufe bomba likiwa baridi. Tapentaini ilifika. Nta yote ikaganda njiani, na chembe ikawa imeteketea bure.

Fundi wa mashine, mzee waliyemwita Mizani, alichungulia kioo cha kompyuta. "Hilo ni kosa la wiki ya kwanza kazini."

"Usinikumbushe."

"Sikukumbushi. Nafurahi tu kwamba si mimi."

Ilimbidi arudi kwa mama, uso umemshuka. Mama hakugomba, na hilo lilimshangaza. Alilizungusha kopo mkononi muda mrefu.

"Hivi hiyo mashine yenu inaona kila kitu?"

"Karibu kila kitu."

"Hata kilichotiwa kidogo?"

"Hata hicho, mama."

Mama akatazama pembeni. "Haya. Kwa ajili ya mdogo wako."

Safari hii mkemia alilipasha bomba joto na kusubiri saa nzima. Tapentaini iliondoka mapema, kama mgeni mwenye haraka. Ulimbo ukafuata, na moto ulipopita nyuzi mia tatu nta nayo ikaondoka, mstari wa mizani ukaporomoka. Kisha, juu ya mia nne, mstari ulishuka tena kidogo, mshuko ambao haukustahili kuwepo. Spektromita ilisikia makelele yake. Kromatografu ikazipanga gesi, na mbili kati yake zikajitokeza wazi, heptanali na asidi moja ambayo huandamana nayo. Mkemia alizijua. Mafuta ya mbarika yakiungua, hao wawili hawakosekani.

Mafuta ya mbarika! Alijiona ana miaka saba, amebanwa katikati ya magoti ya mama, anapakwa mafuta hayo kichwani huku akilia kwamba kitana kinauma. Aliikumbuka mikono ile, na machozi yakamtoka mbele ya Mizani bila aibu. Lakini baba aliyachukia mafuta hayo. Alisema ni uchafu wa vichwa vya wanawake. Asingeyatia kwenye sufuria yake hata kwa bunduki.

Mama alipomwona mlangoni, hakungoja kuulizwa.

"Umeona, eh?"

"Nimeona."

"Mwaka wa kwanza wa ndoa yetu polishi yake ilikuwa inapasuka hivyo hivyo. Akasema anaacha useremala. Mimi nywele zangu zilikuwa zinakatika, mafuta yale ndiyo yaliyozitengeneza. Nikasema moyoni, nijaribu. Alipokwenda mlangoni kwa mteja, nikamimina kifuniko kimoja cha chupa, wakati inaanza kupoa." Akacheka kidogo. "Kesho yake aliruka uani kama mtoto. Nimeipata! Nimeipata! Ningemwambiaje? Basi kila akipika, nilimtuma mlangoni, eti kuna mgeni. Miaka thelathini na minne, hajawahi kujiuliza kwa nini siku ya polishi watu wanabisha hodi kisha hawaonekani."

Mkemia akacheka naye. Simu ya mdogo wake ikaita. Ilikuwa tarehe ishirini na nane.

"Dada, kuna jibu?"

"Lipo. Mafuta ya mbarika. Kifuniko kimoja cha chupa, inapoanza kupoa."

Upande wa pili zikalipuka kelele tupu. "Mbarika! Mzee alikuwa hatari! Aliwaza nini yule mtu?"

Mkemia alimtazama mama yake. Mama alitikisa kichwa, polepole, macho yakimsihi.

"Alikuwa fundi," mkemia akasema. "Nenda kapike."

Alipokata simu, mama alifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Hukumwambia."

"Sikumwambia."

"Vizuri. Mwache baba yako na sifa zake." Akaushika mkono wa binti yake, akaukaza. "Ila miaka yote hiyo, mwanangu, nilikuwa natamani mtu mmoja tu ajue."