Kiitikio cha Migato

Wino wa stempu haukai vizuri kwenye kidole cha mkulima wa pamba. Kidole kimepasukapasuka, wino unazama kwenye nyufa, na kinachobaki juu ya karatasi ni michirizi tu, kama mbuga ya Itilima mvua zikichelewa. Wakili Specioza alinifundisha kumshika mtu mkono taratibu, nimgandamize dole gumba mara moja, nisiliburute. Mwaka ule niligandamiza vidole kutoka Nyalikungu hadi Mwandoya, na kila mahali, kabla ya kugandamiza, niliimba kwanza.

Ndiyo kazi niliyoitiwa. Mimi Masunga nilikuwa manju, kiongozi wa nyimbo za ngoma, na zamani jina langu likitajwa Bariadi watu waliacha jembe shambani. Shule niliisoma vipandevipande, darasa la pili huku, la nne kule, mengine kwenye magazeti yaliyofungiwa sukari. Baadaye nikawa mtu wa njiani. Meatu, Geita, Katavi, nikichunga ng'ombe za watu na kuchimba mashimo ya watu. Specioza alinikuta nimerudi, meno yamepungua, sauti ipo.

Alinieleza kampeni yao bila kuzunguka. Anayemkata kikongwe panga kwa kumwita mchawi, sheria inamjua. Lakini yule aliyelianzisha jina, yule wa kwanza kulitamka, mara nyingi huponea kwenye adhabu nyepesi au hafikishwi popote. Walitaka kumtaja mtu hadharani kuwa mchawi, kwa neno, kwa barua au kwa wimbo, liwe kosa zito, na mtu akifa kwa sababu hiyo, mtajaji afungwe miaka mingi. Karatasi moja ya wakili, alisema, hupotea mezani kwa mkubwa. Sanduku zima lenye vidole vya watu wa Simiyu halipotei, maana mbunge ataulizwa habari zake kila akija kuomba kura.

Nilimwomba asome tena kile kifungu. Akasoma. Nikamuuliza, "Hata wimbo?"

"Hata wimbo, babu."

Nikajifanya naulizia watu wengine. Je, mtu aliyefanya hivyo miaka ya nyuma, sheria mpya ikija itamfuata? Akasema hapana, sheria ya adhabu haimrudii mtu kwa jambo lililofanyika kabla haijatungwa. Nikamshukuru, nikatoka nje kutema mate kama mtu aliyekabwa na vumbi. Moyoni nilikuwa nimefurahi. Nimefanya mengi ya kuniinamisha kichwa, lakini ile furaha ya pale mlangoni ndiyo hadi leo siwezi kuitazama machoni.

Basi nikatunga. Wimbo ulitoka vizuri, sina sababu ya kudanganya. Mwandoya wanawake walilia. Redio ikauchukua, na siku ya mnada mbunge mmoja akaja kusimama kando yangu, akiahidi kuufikisha muswada kwenye kamati. Fomu zikajaa sanduku. Specioza akasema imebaki kata moja tu, tena muhimu kuliko zote, kwa kuwa huko yuko mwanamke ambaye mama yake aliuawa, na ushahidi wake ndio utakaowekwa juu kabisa. Kata hiyo ilikuwa Migato.

Nilimwambia mguu unaniuma. Akasema atakodi pikipiki.

Sasa niwaambie kuhusu Migato. Kwetu, baada ya mavuno, vikundi viwili vya ngoma huwekwa uwanja mmoja, mchana kweupe, kila kimoja upande wake. Hakuna jaji. Watazamaji wenyewe hukimbilia upande unaowapendeza, na wenye watu wengi wameshinda. Siku moja, enzi za ujana wangu, nilikuwa nashindana hapo Migato na manju mwenzangu Maduhu. Maduhu alileta chatu. Alimzungusha shingoni, akamlaza kichwani, na watu wangu wakaanza kunitoka, kwanza watoto, halafu akina mama, halafu hata wapiga ngoma wangu wakawa wanageuza shingo. Kumtukana mpinzani ni sehemu ya mchezo, kila mmoja anajua. Nilimtukana ukoo, nikamtukana miguu yake, hawakurudi. Ndipo nikamwona mama yake, Nyanjige, amekaa mbele, macho mekundu, yale ambayo kwetu huitwa alama ya uchawi. Wanawake wa mbuga ile wote macho yao ni mekundu, wanapikia kinyesi cha ng'ombe na mashina ya pamba. Nililijua hilo kama nilivyojua jina langu.

Nikaimba: Maduhu, mama yako hupika nini tukishalala, mbona macho yake mekundu na chungu chake kitupu? Na watu wangu wakaitikia: Tuambie, Maduhu, tuambie!

Uwanja ulirudi kwangu kama maji. Nilibebwa mabegani.

Nyanjige alikatwa mapanga msimu wa pili baada ya hapo, watoto wawili walipokufa kijijini kwa homa. Habari ilinikuta kwenye mnada wa Mwandoya, na aliyenipa aliniambia kwa kusifia: wimbo wako bado wanauimba huko. Sikwenda kuzika. Nilikwenda Geita. Watu wakiniuliza kwa nini situlii mahali, nilikuwa nacheka, nasema miguu yangu ina wazimu.

Migato tulikutana kwenye ghala la pamba la ushirika. Watu walijaa hadi nje, na mbele alikaa Ng'washi, binti wa Nyanjige, mwanamke mzima sasa mwenye wajukuu. Maduhu alishahama zamani, hakuna aliyejua alipo. Nilisalimia, nikaimba wimbo wa kampeni nikiangalia mabati. Nilipomaliza watu walipiga makofi, wakaanza kujipanga kwa ajili ya wino. Ng'washi hakujipanga. Alikuja mpaka mezani, akasimama.

"Wimbo mzuri, manju," akasema. "Sasa tuimbie ule wa mama."

Specioza alinigeukia. Alidhani kuna wimbo wa maombolezo. Nikasema nimeshausahau.

"Mimi sijausahau. Nikuanzishie?"

Ng'washi akamweleza wakili, kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi dukani, kwamba yeye dole lake halitakwenda bungeni Dodoma pamoja na wimbo wa uongo. Kama manju hataimba, basi fomu zirudishwe mfukoni, na kwa kuwa nusu ya ghala ni ndugu zake, nao wataondoka. Specioza alikuwa ananitazama tu, na niliona jibu la swali langu la zamani, lile nililojifanya naulizia watu wengine, likimfikia taratibu.

Ningeweza kutoka. Mlango ulikuwa wazi, na kuondoka ndicho kitu pekee nilichokisomea hadi mwisho. Nikaanza kuimba.

Sauti ilitoka safi kuliko ya kampeni. Hilo nalo niliandike: koo langu liliufurahia. Nilipofika kwenye chungu kitupu nikavuta pumzi, sikukusudia kusubiri chochote, na ghala zima likaitikia. Tuambie, Maduhu, tuambie! Waliitikia wote wenye umri uliopita miaka arobaini, wanawake kwa wanaume, na mzee Mayala, mpimaji wa pamba, akakanyaga sakafu mara mbili, akacheka kicheko cha ujana. Kisha wakajisikia. Mayala alibaki mguu mmoja umeinuliwa, hajui aushushe vipi. Vijana walikuwa wanawatazama wazazi wao.

Ng'washi hakulia. "Ndivyo tulivyoishi misimu miwili," alimwambia Specioza. "Kisimani, malishoni, kanisani watu wakitoka. Mama alikuwa anafunga mlango mchana. Andika hivyo."

Akanyoosha mkono. Kwa mazoea nikanyoosha wangu kumshika, anyooshe kidole. Aliurudisha, akauzungusha, akampa wakili. Specioza alimgandamiza yeye mwenyewe, na alama ilitoka kamili.

Halafu wakili akavuta fomu ya ushahidi, akaandika jina langu kwa herufi kubwa. Kalamu ikasimama. Fomu ile ina safu mbili tu, mwathirika na shahidi.

"Nikuweke wapi, babu?"

Nilimtazama Ng'washi. Alikuwa amegeuka, anasugua wino kwa ncha ya khanga.

"Piga mstari mwingine," nikasema, "safu ya mtajaji."

Specioza akatafuta rula, hakuipata, akapiga mstari kwa mkono, ukapinda kidogo. Alipokuwa anaandika nikasikia mtu anahema nyuma yangu. Nikageuka. Alikuwa Mayala, kofia mkononi, macho yake yako kwenye ile safu mpya. Kibweta cha wino kilikuwa upande wa pili wa meza, na kule watu walikuwa hawajajipanga tena.