Wimbo wa Mgongoni

Kengele ililia kisogoni mwa Maribel, naye akaendelea kuchezea kifundo chake cha sufu nyekundu. Nesi Nélida aliipiga tena, kwa nguvu. Mtoto alimwona mama yake amemkodolea macho, akamchekea.

"Sufu ndiyo imemteka," alisema mama huyo, Saturnina. "Kwani mtoto gani anageukia kengele na kitu chekundu anacho mkononi?"

Nesi hakucheka. Mpaka hapo vipimo vya kliniki vilikuwa vimekwenda vizuri: Maribel, mtoto wa miezi kumi, alikaa bila kuegemea, akaokota punje ya mahindi kwa vidole viwili, akajiinua kwa kushika kiti. Kila mara Saturnina alimtupia mama mkwe wake, Eulogia, jicho la ushindi.

"Anasema hata 'bababa'?" aliuliza nesi.

"Bado. Amemrithi baba yake," alijibu Eulogia. "Mwanangu yule hata siku ya posa nilimsemea mimi."

"Na kelele zinamshtua?"

"Huyu? Radi inapiga, kondoo wanatawanyika mlima mzima, yeye amelala fofofo!"

Alisema kwa majivuno, na kijiji kizima tulikuwa tukijivuna naye. Mtoto mtulivu kama huyo hatukuwa tumewahi kumwona. Nesi aliiweka kengele mezani taratibu.

"Mama Maribel, nina wasiwasi hasikii."

Saturnina alipandwa na hasira. "Wewe umekaa naye kitambo kidogo tu. Mimi ninaye tangu alfajiri! Akilia shambani namwimbia, ananyamaza papo hapo. Kiziwi gani huyo anayebembelezwa kwa wimbo?"

"Basi mwimbie. Ila bibi ampakate, aangalie dirishani."

Huku kwetu milimani mtoto hawekwi chini ovyo. Wanaume hubeba viazi, wanawake hubeba viazi na watoto, na mtoto hushuka kwenye mbeleko siku miguu yake inapoweza kumbeba. Saturnina hakuwa amewahi kumwimbia bintiye akiwa mahali pengine ila mgongoni.

Nesi alikichukua kifundo cha sufu, na Maribel akaangua kilio. Saturnina akaimba wimbo wake wa kupanda viazi. Akapandisha sauti mpaka wanawake waliokuwa wakisubiri mlangoni wakanyamaza. Mtoto aliendelea kulia.

"Maribel! We Maribel!"

Hakugeuka.

"Nipe mwanangu," alisema Saturnina. Alimtupa mgongoni, akafunga mbeleko kifuani, akauanza wimbo upya. Kilio kikakatika. Mtoto alilaza shavu katikati ya mabega ya mama yake, akatulia.

"Mnaona sasa? Mnaona?"

Eulogia alisogea ili amfute mjukuu wake machozi, akapitisha kiganja chini ya shavu lile. Hakukitoa.

"Endelea kuimba," alisema kwa sauti ndogo.

Saturnina aliendelea.

"Mgongo wako unatetemeka, mwanangu. Wote. Mpaka huku chini."

Saturnina alinyamaza katikati ya neno. Nesi alieleza kwamba mjini kuna hospitali ya kupimia masikio vizuri, kwamba kuna vifaa, kuna lugha ya alama, na kwamba wamemleta mapema. Saturnina alisikia nusu tu.

"Kwa hiyo sauti yangu haijui?"

Nesi alimrudishia Maribel kifundo chake cha sufu.

Walipanda mlima kurudi nyumbani. Kwenye kona ya zizi la mawe Saturnina alishindwa kujizuia, kwikwi zikamtikisa mwili mzima. Mara Maribel naye akaanza kulia, na Eulogia akanyoosha mikono ampokee.

"Mwache, mama. Ni mimi nimemliza."

Alisimama, akavuta pumzi mpaka kwikwi zikaisha. Kisha akauanza wimbo ule ule wa viazi, safari hii si kwa sauti ile nyembamba tuliyoizoea shambani. Aliushusha chini kabisa, mzito, kifuani, mpaka maneno yenyewe hayakutambulika tena. Akasubiri. Shavu dogo lilitafuta mahali pake mgongoni, likalala.

Saturnina alianza kutembea, akiimba.