Kitabu Nilichokariri

Walipoinamisha vichwa nilijua nimekosea, ila sikujua wapi. Watu watano walikuwa wamezunguka meza, mikono mapajani, nami nawasomea kanuni za ufalme wenye majoka kama hotuba ya Ijumaa. Nilipomaliza ukurasa wa kumi na moja, Moubarak, fundi cherehani, akajipangusa uso kwa viganja.

"Amina," akasema.

Hakuna aliyecheka.

Nilikuwa na miaka arobaini na tisa, fundi magari, mwanafunzi wa jioni huko mtaani Mutanga Sud. Mwalimu Gélase alikuwa ametuletea michezo mitatu ya kusimuliana: kiongozi anaeleza mahali na hatari, wengine wanakuwa watu wa hadithi na kuamua watakalofanya. Alitaka tuzoee kuongea Kifaransa. Akaniteua kiongozi, nichague mchezo mmoja.

Niliswali istikhara siku mbili. Kisha nikachukua kitabu kinene kuliko vyote, kwa kuwa kilionekana kina heshima, nikakikariri kama tulivyofundishwa chuo cha Kurani utotoni: tangu mstari wa kwanza, bila kuruka. Siilaumu dua. Niliomba nionyeshwe njia, nikakimbia kabla ya kutazama.

Kilichoniuma ni yaya Fadhila, dada yangu mkubwa. Mimi ndiye niliyemtoa kwenye kibanda chake cha vitenge mtaani Jabe nikamleta darasani, na kwa miezi mitatu hakuwa ametamka neno. Jioni ile, tulipotoka, akaniambia:

"Amissi, mi sirudi tena."

"Yaya, mara moja tu."

"Ya kufanya nini? Kunyamaza naweza kunyamazia kwangu, miguu nimeinua."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Alfajiri, baada ya swala, niliomba jambo dogo zaidi: yaya atamke sentensi moja. Kisha nikachukua kijitabu nilichokuwa nimekidharau, kurasa sita tu. Mashua ya mizigo, mashine imezima, ziwa limetulia. Nikaiweka kati ya bandari yetu na Kigoma. Mashine iliyozima naijua.

Jioni yaya alikuja darasani, uso umekunjwa. Dadu za mchezo zilinitia wasiwasi, zilifanana na kamari, kwa hiyo tuliandika namba kwenye vikaratasi, tukawa tunaviokota kofiani mwangu.

"Kuna kitu kinagonga chini, penye mizigo," nikasema.

Moubarak, nahodha wetu, akataka kuvunja mlango.

"Apana!" Yaya Fadhila alikuwa amesimama. "We Moubarak, una haraka kama mwizi. Kwanza tuulize nani iko ndani." Akanigeukia. "Nani iko ndani?"

Nikapekua kijitabu. Hakikusema.

"Sijui, yaya. Muulize mwenyewe. Lakini anasikia Kifaransa tu."

Kisha akaiinamia meza, akagonga ubao kwa kifundo cha kidole, akauliza kwa Kifaransa aliye ndani ni nani, na kama ana kiu. Vitenzi vyote vilipinda. Mwalimu Gélase akafungua mdomo amsahihishe. Nikamwekea mkono begani.

Halafu nikajibu, kwa sauti ya mtu mwenye kiu.