Mbwa wa Mkono Mmoja

Watu wa Mpanda hunipigia simu kwa mambo mawili: ng'ombe ameshindwa kuzaa, au mbwa ameng'ata mtu. Ya ng'ombe naipokea hata nikiwa na tonge mkononi. Ya mbwa naiacha iite kwanza, nikitumaini mpigaji atabadili mawazo. Mzee Celestin wa Katumba hakubadili. Alipiga na kupiga mpaka nikaona aibu kuitazama simu.

"Daktari Eufrazia, njoo na ile sindano," alisema.

"Kamng'ata nani?"

"Lidia."

Lidia ni binti yake wa pekee. Nilivaa mabuti, nikapanga begi, nikawasha pikipiki ya ofisi. Nilikuwa na hasira, lakini ile hasira ya mtu aliyechoka, isiyokufikisha popote. Njia nzima ya vumbi mpaka Katumba nilikuwa nagombana na mzee kichwani mwangu, na kila mara nilimshinda.

Mbwa mwenyewe namjua tangu akiwa na ukubwa wa kiatu. Fabrice, mpwa wa mzee anayelinda maghala huko Dar es Salaam, alimtuma kwa treni ndani ya katoni la sabuni, akapitishwa Tabora na Kaliua mpaka stesheni ya Mpanda, amejinyea na sauti imemkauka kwa kulia. Pitibuli. Mzee alimleta ofisini kwangu apate chanjo ya kichaa, amembeba ndani ya koti kama mtoto anayepelekwa ubatizo, akaniuliza swali ambalo tangu hapo nimeulizwa na nusu ya mkoa: eti ni kweli mbwa hawa ni hatari?

Nilimjibu nilivyojua. Koko wetu wa mtaani akikung'ata huachia akakimbia, maana naye ana woga wake. Huyu akishika ameshika, na taya lake si la mchezo. Hazaliwi na ubaya, ila kosa la mwenye pitibuli halilingani na kosa la mwenye koko, kwa hiyo inabidi umlee mara mbili. Angali mdogo aone watu, aone watoto, baiskeli, wanaokwenda kanisani na wanaotoka kilabuni. Mtembeze. Usimpige, usimchokoze akila. Na hata akiwa mpole namna gani, usimwache peke yake na mtoto mdogo, hata kwa muda wa kuchota maji. Mzee aliitikia kila neno: ndiyo daktari, ndiyo daktari. Nimefanya kazi hii vya kutosha kujua kwamba "ndiyo daktari" maana yake ni "ngoja nikawaulize majirani".

Akawauliza. Katumba ni ya wakulima wa tumbaku, na tumbaku ikishakauka ikafungwa marobota, wezi nao hawalali. Kila mkulima kule ni fundi wa mbwa, na mafundi wote wana somo moja: mbwa anayejuana na watu ni mbwa wa watu. Kwa hiyo mbwa wa kulinda hulelewa kwenye bani, kile kijumba kirefu cha udongo cha kukaushia tumbaku, ambacho msimu ukiisha hubaki kitupu na giza. Hufungiwa humo tangu mdogo. Hulishwa na mkono mmoja tu. Ugali wake hutiwa pilipili kichaa, na kila anayepita anaombwa apige ukuta kwa fimbo na kumtukana, ili amchukie binadamu. Humwita mbwa wa mkono mmoja, na wanajisifu kwa hilo bila haya.

Ndivyo mzee Celestin alivyomlea. Akampa na jina la kuwasemea wezi, kama wafanyavyo kule mtu akiwa na neno na jirani asilotaka kulitamka usoni. Alimwita Watachoka. Jioni alisikika akiita, "Watachoka! Watachoka, njoo ule!" na njia nzima wakajua wanasemwa wao. Sikatai, hakuibiwa hata jani.

Kisha Lidia akarudi. Alikuwa ameolewa Kapalamsenga, kule ziwani, kwa mwanamume mwenye mkono mwepesi wa kupiga, na mwaka huu alifunga kitenge chake akapanda gari na mtoto mgongoni. Hakuwa na pengine pa kwenda ila kwa baba yake, kwenye nyumba ambayo haikufagiliwa sawasawa tangu mama yake afariki.

Nilimkuta uani akipukuchua mahindi kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa na bandeji kutoka kiganjani mpaka kwenye kiwiko. Mtoto wake, msichana anayetambaa, alikuwa amefungwa kitenge kiunoni, ncha ya pili imefungwa kwenye mguu wa kigoda alichokalia mama, asije akaelekea nyuma ya nyumba. Mtoto alikuwa akivuta, akifika mwisho wa kitenge analia, halafu anaanza upya.

"Shikamoo daktari."

"Marahaba mwanangu. Sindano za kichaa unachoma?"

"Naenda nazo. Mkono ndio hauwezi kushika kitu."

"Ilikuwaje?"

Alichukua gunzi akalitupa kwenye rundo. "Data alienda mkutano wa chama cha msingi, akachelewa." Data ndiyo baba kwa Kirundi chao. "Mbwa ikawa inalia. Kulia kabisa, daktari, ungesema mtoto wa mtu. Nikaona aibu, nikasema niisogezee ugali. Nilifungua mlango nusu tu. Haikubweka. Ilishika. Nilipiga kelele, majirani wakasimama pale njiani, hakuna aliyesogea. Data aliporudi akasema neno moja, ikaachia."

Majirani wale ndio waliokuwa wakipiga ukuta kwa fimbo. Nilitaka kulisema hilo, nikaona halitamsaidia.

"Nimemwambia Data," aliendelea, "mimi na hii mbwa hatukai boma moja. Mtoto anatambaa, kesho anatembea. Akisema mbwa ibaki, mimi narudi Kapalamsenga. Heri kipigo ninachokijua."

"Kasemaje?"

"Si amekuita wewe?"

Nilibeba begi langu nikazunguka nyumba. Sindano ile imo ndani ya kichupa kidogo tu, lakini begi huwa zito siku ninapoibeba. Watu hudhani tunazoea. Nimezoea kuifanya kazi, kurudi nyumbani baada yake ndiko sijazoea.

Mzee alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha bani, mlango umefungwa mgongoni kwake, pembeni yake sahani ya ugali. Amekonda. Alikohoa kwanza ndipo akaitika shikamoo yangu.

"Watu wanasema ni damu yake," alianza bila kungoja. "Eti hiyo aina ya mbwa ndivyo ilivyo. Daktari, mimi niliingia nchi hii mtoto, mwaka wa sabini na mbili tulipokimbia Burundi. Nasi walitusema hivyo hivyo. Damu."

"Mzee, usiniletee hayo." Nilisema kwa ukali zaidi kuliko nilivyotaka. "Mtu si mbwa. Taya lile kazaliwa nalo, hiyo ndiyo damu. Kumwogopa kila mwenye miguu miwili umempa wewe, wewe na majirani zako."

Ningefurahi angebisha. Hakubisha. Aliinamisha kichwa akasema, "Ndiyo daktari," na safari hii nikaona anamaanisha.

Akafungua mlango. Nilikuwa nimejiandaa kuona mnyama wa kutisha. Niliona mbwa mwenye kifua kipana amejikunyata pembeni na mnyororo shingoni, anatetemeka, macho yanakataa mwanga. Aliposikia pumzi yangu alinguruma chini chini, bila kunitazama. Mzee aliingia, akaketi sakafuni, na yule mbwa akajiburuta kwa tumbo mpaka alipo, akalaza kichwa pajani mwake, akanyamaza.

"Mshike hivyo hivyo," nilisema, nikapiga goti mlangoni nikafungua begi. Mbwa aliyelelewa kwa mkono mmoja humuui bila mkono huo kumshika, na hilo ndilo linalonichosha kuliko yote. Nimeshaona wanaume wazima wakishika hivyo huku wakitazama juu kwenye bati.

Macho yalipozoea giza ndipo nikaona mengine. Kando ya ukuta kulikuwa na godoro. Juu yake blanketi lililokunjwa, redio ndogo, Biblia. Koti lake la kanisani lilikuwa limetundikwa kwenye mojawapo ya fito za kuning'inizia tumbaku.

"Mzee, vitu hivi vinafanya nini humu?"

"Nimehamia. Leo asubuhi, Lidia alipokuwa hospitali."

"Uliniita nije kumuua mbwa."

"Nilisema njoo na sindano. Sikusema ni ya leo."

Nilibaki na bomba la sindano mkononi kama mjinga.

"Hii mbwa haikuomba kuletwa Katumba," alisema, huku mkono wake ukipita taratibu kwenye sikio la mnyama. "Uliniambia nilee hivi, nikalea vile. Sasa niue mimi, kwa kosa langu mimi? Na binti yangu siwezi kumrudisha akapigwe. Nyumba ni ya Lidia na mjukuu. Mimi nitakaa hapa na Watachoka. Fabrice anatuma senyenge, nitazungushia uzio mrefu. Nitamtembeza alfajiri, mdomo wake nimeufunga. Mtoto hatafika huku."

"Na hicho kifua? Humu kuna vumbi la tumbaku la miaka. Utakohoa mpaka uanguke."

"Yeye amelivuta tangu mdogo."

Nilikasirika, na sikujua nimkasirikie nani. Mzee amejihukumu mwenyewe, kifungo kile kile alichompa mbwa, na mimi ninayejua dawa za minyoo na za kupe sina dawa ya jambo la namna hiyo. Nikauliza lile nililopaswa kuuliza.

"Na ukitangulia wewe?"

"Hilo ndilo nililokuitia." Alikohoa, akangoja kifua kitulie. "Siku nikifa, hapa patajaa watu wa msiba. Wote wageni kwake. Watamtoa kwa mawe na mapanga, na yeye atakuwa ananingojea mimi nimfungulie. Sitaki. Uje wewe kwanza, daktari. Hata kabla ya padri. Uje na hiyo sindano afe polepole, asiogope."

Nimeombwa vitu vingi na wafugaji, wengine wameniomba nidanganye kuhusu nyama. Hili sikuwahi kuombwa.

"Nitakuja," nilisema. "Lakini atashikwa na nani, mzee? Mimi hanikubali. Siku hiyo mkono anaoujua utakuwa ndani ya sanduku."

Alikuwa ameshafikiria uzio, godoro, senyenge ya Fabrice, hata padri, lakini hilo hakulifikiria. Alimtazama mbwa, akanitazama mimi, na nikaona uso wake ukizeeka hapo hapo.

"Nitamshika mimi."

Lidia alikuwa amesimama nyuma yangu, mtoto kiunoni, mkono wa bandeji umemzunguka. Sijui alianza kusikia wapi. Mbwa alinguruma, mnyororo ukalia, na mzee akamfunika macho kwa kiganja.

"Usinitazame hivyo, Data. Siipendi, na sitaipenda." Sauti yake haikuwa na upole hata kidogo. "Lakini hutalala kwenye bani na kifua hicho, nikae mimi ndani kama mama mkwe. Nyie wanaume mnaanzisha, sisi tunamalizia, ndivyo tulivyowakuta. Daktari, naanzia wapi?"

Moyo wangu ulitaka nimwambie arudi kwenye mahindi yake. Alikuwa na mshono mbichi mkononi na mtoto asiyejua hatari, na hapa alikuwa anajitwisha kosa ambalo hakulitenda. Nikamwambia ukweli, maana hakuna kingine nilichokuwa nacho. Huenda isiwezekane. Mbwa mdogo unamfundisha, huyu utambembeleza tu. Hata akikuzoea wewe, atabaki nyuma ya uzio na mdomo wake utafungwa kila anapotoka, maisha yake yote, na mtoto hatamkaribia hata mbwa akizeeka asiwe na meno. Na kama akikataa kabisa, nitarudi na sindano, na siku hiyo sitabishana na mtu.

"Nimesikia. Naanzia wapi?"

"Kaa pale, mbali na pale mnyororo unapofika. Mpe mgongo. Usimwite, usimtazame. Mrushie ugali kwa nyuma. Ukimaliza ondoka. Kesho tena."

"Mpaka lini?"

"Sijui," nilisema.

Alinipa mtoto bila kuuliza kama naweza kumshika. Mtoto aliuvuta mfuko wa koti langu na kutulia. Nilimsogezea Lidia ile sahani, nikamwangalia mzee. Akatikisa kichwa: pilipili hakutia. Lidia alitembea mpaka nilipomwonyesha, akageuka, akaketi chini kwenye udongo, mgongo wake ukimwelekea mnyama aliyemtafuna. Ndani ya bani mzee alikuwa amemkumbatia mbwa kwa mikono yote miwili, analia wazi wazi mbele yangu na mbele ya binti yake, wala hafuti.

Lidia akamega tonge, akalirusha nyuma kwa ule mkono mzima. Likaangukia karibu na makucha. Mbwa hakuligusa.

Akamega jingine.