Ganzi ya Fundi Vioo

Fundi vioo aliiona damu kabla ya kusikia maumivu. Ilitiririka juu ya kioo cha dirisha, na kidole kilichokatwa kikakaa kimya kana kwamba si chake.

"Mama, umejikata!" Bintiye, aliyefanya naye kazi karakanani, alimrukia na kitambaa.

"Uzee tu, mwanangu."

"Uzee gani wa miaka hamsini na mbili?"

Kwa miezi mitatu alikuwa akipauka, ulimi ukimwasha, miguu ikimyumbisha. Alimeza vidonge vya madini ya chuma, akala maini hadi akayachukia, wapi! Hospitali hakutaka hata kuisikia. Kwake, kuugua kulikuwa kukiri kushindwa. Lakini kidole kisichosikia hata kikikatwa kilimtia hofu, akaenda.

Daktari aliyasoma majibu bila haraka. "Damu yako imepungua, mama, ila si kwa kukosa chuma. Umekosa vitamini B12. Hiyo hujenga damu na kulinda mishipa ya fahamu."

"Mbona nakula vizuri?"

"Unakula, tumbo halipokei. Hata ungemaliza ng'ombe mzima. Tutaipitisha kwa sindano."

"Mpaka lini?"

"Maisha yote. Mwanzoni mara kwa mara, baadaye kila baada ya miezi michache."

Njiani alimnung'unikia bintiye aliyemsindikiza. Yeye aliyelea mtoto na kuinua karakana bila kushikwa mkono, leo aegemee sindano?

"Mama," bintiye alisema taratibu, "kioo hakisimami bila fremu. Umewahi kukidharau kwa hilo?"

Kesho yake alikuwa wa kwanza kwenye foleni ya sindano.

Ulimi ulipona kwanza. Chai ikarudi kuwa chai. Kisha vidole vikaanza kuamka, vikimchoma kama vilivyovamiwa na siafu, naye akaupokea kila mchomo kama salamu ya ndugu aliyepotea. Tarehe za sindano akaziandika ukutani kwa mkono wake, juu ya oda za wateja.

Mwezi wa tano wa sindano waliitwa na mwenye nyumba kuweka vioo ghorofa ya nne, na lifti ilikuwa mbovu. Walipanda wakiwa wameshika kioo kipana, mama mbele, binti nyuma.

"Tupumzike kidogo," ilisihi sauti kutoka nyuma.

"Umechoka wewe?"

"Hoi!"

Mama alicheka hadi kioo kikatetemeka.

Juu, upepo ulikuwa ukivuma kupitia dirisha tupu. Wakakipachika kioo, na kelele zote za mtaa zikazimika kwa mara moja. Binti aliketi sakafuni, akihema. Mama yake alikwisha kumgeukia mwenye nyumba, futi ya kupimia mkononi.

"Dirisha lingine liko wapi?"